Kina cha Ndiva na Siri ya Tanuri: Lugha ya Vipimo na Elimu Iliyofichwa



Anayepanda kutoka mji wa Same kuelekea vijiji vya Upare Kusini hakosi kukutana na ndiva. Ni bwawa dogo la udongo na mawe, lililojengwa mtelemkoni, ambalo hujazwa maji ya kijito wakati wa usiku na kufunguliwa asubuhi ili maji yaende mashambani kwa zamu. Neno lenyewe ni la Chasu, lugha ya Wapare, nalo limeingia katika Kiswahili cha wilaya hiyo bila kutafutiwa tafsiri, kwa kuwa “bwawa” halielezi habari ya zamu, wala ya msaragambo, ile kazi ya pamoja ambayo kwayo tope huzolewa na kingo hutengenezwa. Katika ndiva kipimo ni ukingo wenyewe. Kina cha maji huonwa na kila apitaye, na mwenye zamu akikuta maji yamepungua kabla ya wakati ana haki ya kuuliza.

Upande wa kaskazini, katika Ugweno ambayo leo imo wilayani Mwanga, kulikuwa na elimu ya namna nyingine. Isaria Kimambo, katika historia yake ya siasa za Wapare iliyochapishwa mwaka 1969, aliandika mapokeo yanayosema kwamba Washana, ukoo wa wafua chuma, ndio waliotawala hapo kale mpaka Wasuya walipowapindua. Chuma cha Ugweno kiliuzwa hadi Uchagani. Jambo la kuangaliwa ni kwamba utawala ulihama, lakini ufundi haukuhama. Wasuya walitwaa kiti, tanuri likabaki kwa Washana, likilindwa kwa miko na kwa hofu ya laana ya mfua chuma. Jembe lilionekana na wote. Namna ya kulipata haikuonekana.

Mhadhara huu unahusu mahali ambapo mambo hayo mawili, kina kinachoonwa na ufundi unaofichwa, hukutana katika chombo kimoja. Mfano ulio wazi kupita yote umetoka mbali na Upare.

Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko na tsunami viliharibu kituo cha nyuklia cha Fukushima Daiichi nchini Japani. Pamoja na vinu vyenyewe, palikuwa na mabwawa ambamo fueli iliyokwisha kutumika huwekwa chini ya maji mengi, maji ambayo huipoza na pia kuzuia mionzi. Umeme ulipokatika, hakuna aliyeweza kusema kwa hakika kina cha maji katika bwawa la kinu namba 4. Siku kadhaa zilipita kwa kubahatisha. Tarehe 16 Machi helikopta ilirushwa juu yake, na waliokuwamo wakaona maji. Baadaye ilithibitika kuwa fueli haikuwa imeachwa wazi. Nchi yenye ufundi mkubwa kiasi hicho ililazimika kuchungulia bwawa kama mkulima anavyochungulia ndiva.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 12 Machi 2012, Tume ya Udhibiti wa Nyuklia ya Marekani ilitoa amri kwamba kila bwawa la namna hiyo liwe na chombo cha kutegemewa cha kupimia kina, pamoja na cha akiba. Chombo hicho kilitakiwa kutambua ngazi tatu: maji yatoshayo mfumo wa kawaida wa kupoza, maji yatoshayo kumkinga na mionzi mtu aliyesimama ukingoni, na maji ambayo bado yanaifunika fueli. Wenye vituo wakapeleka maelezo ya vyombo walivyonunua. Hapo ndipo tanuri la Washana liliporudi. Sheria ya nchi hiyo inamruhusu mtengenezaji kuapa kwa hati kwamba sehemu fulani ya maelezo ni mali yake ya kibiashara. Basi hati huandikwa mara mbili: nakala moja kamili kwa mdhibiti, na nyingine kwa umma, ambayo ndani yake pana mabano yasiyo na kitu. Msomaji wa kawaida huona kwamba hapo palikuwa na neno, wala haoni neno lenyewe.

Je, ni haki? Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Asiyelindiwa ubunifu wake hatabuni tena, na mdhibiti hanyimwi kitu. Hatari huanza pale ambapo desturi ya kuficha ufundi inapoambukiza habari za hitilafu, ambazo si mali ya mtu. Tarehe 24 Septemba 1977, katika kituo cha Davis-Besse huko Ohio, valvu moja ilikwama ikiwa wazi. Waendeshaji wakagundua baada ya dakika kama 20. Onyo liliandikwa ndani ya kampuni iliyosanifu kinu hicho, lakini halikuwafikia waendeshaji wa vinu vingine vya aina hiyo. Tarehe 28 Machi 1979, katika kinu cha Three Mile Island kilichosanifiwa na kampuni hiyo hiyo, valvu ya namna hiyo ilikwama tena, maji yakavuja kwa zaidi ya saa mbili, na sehemu ya fueli ikayeyuka.

Kisa hicho kina funzo la kisarufi ambalo wanafunzi wa Kiswahili watalipenda. Taa iliyokuwa mbele ya waendeshaji haikupima valvu. Ilionyesha tu kwamba amri ya kuifunga imepelekwa. Kwa Kiswahili tungesema taa ilisoma “imefungwa”, ilhali swali lilikuwa kama “imefungika”. Kauli ya kutendwa humweka mtendaji na tendo lake mbele. Kauli ya kutendeka hutazama hali ya kitu chenyewe. Anayeandika maneno ya ubao wa chumba cha uendeshaji hana budi kuchagua baina ya hizo mbili, na uchaguzi wake si pambo.

Ugumu mwingine umo katika neno “kipimo”. Neno hili hubeba chombo, kizio na jibu lililopatikana kwa pamoja, hata mtu akisema “kipimo kibaya” haijulikani kama analaumu chombo au anatangaza hatari. Kiswahili kimekwisha kuonyesha njia kwa maneno ya kuambatanisha, kama kipimajoto, kipimapembe na kipimamvua. “Kipimakina” lingesikika vizuri kando yao, na mkulima wa Same angelielewa kabla ya mhandisi.

Haya si mambo ya nchi za mbali tu. Tanzania ina Tume ya Nguvu za Atomiki, iliyoundwa kwa sheria namba 7 ya mwaka 2003. Kenya iliunda wakala wake wa nyuklia kwa Sheria ya Nishati ya mwaka 2019, na mwaka 2024 wakazi wa Uyombo, katika kaunti ya Kilifi, waliandamana kupinga kituo kilichopendekezwa kwao. Hati za miradi kama hiyo zikifika kwa Kiswahili, mfasiri atakutana na yale mabano matupu, na itambidi ayape jina. “Siri” ni neno jepesi, ila hubeba harufu ya hila. “Taarifa miliki” inataja haki ya mwenye nayo bila kumtuhumu, nayo yafaa kwa ufundi wa ndani ya chombo. Kwa habari ya chombo kilichokwama, au kina kilichoshuka, hakuna hata moja kati ya maneno hayo mawili linalostahili kutumika.