Mizigo Iliyokwisha Kufungwa

Popote mlipo asubuhi hii, ikiwa mwaota moto jikoni, au mmekwisha kujitwika kikapu mgongoni kwenda kuchuma majani chai kabla jua halijawa kali, karibuni tukae pamoja kwa dakika chache.

Neno letu la leo latoka katika kitabu cha Nabii Yeremia, mlango wa 42 na wa 43. Mlio na Biblia karibu, fungueni. Msio nayo, sikilizeni tu, tutawaeleza habari yenyewe.

Yerusalemu ulikuwa umeanguka. Mfalme wa Babeli alikuwa amemweka Gedalia awe liwali juu ya watu wachache waliobaki katika nchi, naye Gedalia akauawa na Ishmaeli. Basi wale waliobaki wakaogopa sana, wakidhani Wakaldayo watawalipiza kisasi wote. Wakaondoka, wakiongozwa na Yohanani mwana wa Karea, wakapiga kambi karibu na Bethlehemu, njiani kwenda Misri. Hapo ndipo walipomkumbuka Mungu. Wakamwendea Yeremia, wadogo kwa wakubwa, wakamsihi awaombee ili Bwana awaonyeshe njia ya kuiendea. Tena wakaapa kwamba watatii, liwe jema au liwe baya.

Yeremia akaomba. Siku kumi zikapita bila jibu. Neno lilipokuja, lilikuwa wabaki katika nchi yao wala wasiende Misri. Mara wakamwambia nabii kuwa ni mwongo! Wakaenda Misri, na Yeremia mwenyewe wakamchukua.

Angalieni mahali walipokuwa waliposimama kuuliza. Walikuwa njiani. Mizigo ilikuwa imekwisha kufungwa, na nyuso zao zimeelekea Misri. Walitaka Mungu aibariki safari waliyokwisha kuianza.

Zamani, tulipokuwa tumetoka tu katika chuo cha theolojia, tulihubiri juu ya watu hawa kwa sauti kubwa na kuwakemea sana. Siku hizi tukiwasoma twanyamaza kidogo. Tutawaambia sababu.

Hapa kwetu Ikonge, katika Nyamira, mashamba ni madogo. Baba hugawia wana wake vipande virefu vinavyoshuka kutoka mgongo wa kilima hadi mtoni, na wana nao huwagawia wana wao, hata kipande kikawa chembamba kama mshipi. Katika nchi ya namna hii mpaka si jambo dogo. Wengi wenu mwajua ndugu waliozaliwa tumbo moja ambao hawasalimiani kwa ajili ya hatua mbili za udongo.

Sisi tulipanda mikaratusi katika mpaka wetu, safu mbili, toka juu hata chini. Upande wa pili ni shamba la marehemu kaka yetu, linalolimwa na mjane wake. Mkaratusi hukua upesi, na viwanda vya majani chai hununua kuni. Tulihesabu kwamba miti ile ikikomaa itamlipia mtoto wetu karo ya shule ya sekondari. Hesabu ilikuwa nzuri.

Siku moja shemeji yetu alikuja nyumbani. Hakuketi. Alisema, "Shemeji, miti yako inakunywa maji ya mahindi yangu. Mistari minne ya karibu na mpaka haizai kitu."

Tulimjibu kama wachungaji tunavyojua kujibu. Tulisema, "Haya, shemeji, tutaliombea jambo hilo."

Hatukuliombea hata mara moja. Tulikuwa tumeyatumia maneno hayo kufungia mlango.

Misimu minne ikapita. Kisha ikaja barua kutoka kwa wakubwa wetu kanisani, ikiuliza kama tu tayari kwenda kutumika mahali pengine, mbali na nyumbani. Hapo tuliomba kweli kweli. Tulifunga siku tatu. Tulimwomba Mungu ishara, na mbingu zikawa kama shaba.

Tukamwendea mzee mmoja wa kanisa, mtu wa Uamsho tangu ujana wake. Tulimkuta akitia mpini katika jembe. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kazi yake. Kisha akauliza, "Mchungaji, neno la mwisho Mungu alilokuambia lilikuwa lipi?"

Tukamtajia somo la Jumapili iliyopita.

Akatikisa kichwa. "Sikuulizi somo, mwanangu. Nauliza neno ulilojua ni lako wewe."

Wapenzi, hatukuwa na haja ya kufikiri. Tulijua palepale. Kila mara tulipoiandaa Meza ya Bwana, kwa muda wa misimu ile minne, tulikuwa tukisikia lile agizo la Mathayo 5, la mtu aliyeleta sadaka madhabahuni akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake. Tulikuwa tumelisoma, tumelifafanua kwa wengine, na kulipita kama mtu apitavyo nyumba ya mdai wake. Sasa tulitaka Mungu atupe neno jipya juu ya safari ya mbali, na neno lake juu ya hatua chache kutoka mlangoni petu lilikuwa bado linangoja.

Msidhani tulirudi nyumbani tukiimba. Mama watoto alisema, "Karo ya Januari iko juu ya miti ile," na alisema kweli. Alilia. Kesho yake ndiye aliyekwenda kumwita mwenye msumeno.

Miti haikuwa imekomaa. Iliuzwa kama fito na miti ya kujengea, kwa bei isiyofika nusu ya ile tuliyoitarajia. Mtoto wetu aliwatangulia wenzake shuleni kwa akili, lakini muhula ule aliripoti majuma matatu baada yao. Hatukukuta mfuko wa fedha mlangoni. Twasema hivyo kwa sababu mara nyingi shuhuda zetu huishia kwa mfuko wa fedha mlangoni, na wasikilizaji ambao hawakuupata hudhani Mungu amewasahau.

Wala shemeji hakutushangilia. Alisema "asante", akarudi kupalilia. Mtu aliyengoja misimu minne ana haki ya kusema "asante" fupi.

Na ile barua? Hatukuona ndoto wala kusikia sauti. Tulijibu kwamba tu tayari, nao wakubwa wakaamua tubaki. Mbele ya jambo lile la miti tusingaliweza kuandika "tu tayari" bila uongo.

Hapa yatupasa kusema neno moja la tahadhari, maana uongozi wa Mungu huharibiwa pia na wanaodai kuusikia kila saa. Kuna kijana anayemwambia binti, "Mungu amenionyesha kwamba wewe ni mke wangu." Labda amemwonyesha, lakini Mungu huyo ni mwenye adabu, naye atamwonyesha binti pia! Mwongozo na upimwe kwa Maandiko, na uletwe mbele ya ndugu wanaotujua vizuri. Ukiwa unatutuma daima mahali tulipotaka kwenda, tutazame tena kama mizigo haikuwa imefungwa.

Katika chuo tulisoma habari za Apolo Kivebulaya, Mganda aliyebatizwa mwaka 1895. Mwaka uliofuata alivuka kwenda Mboga, katika nchi inayoitwa leo Kongo. Chifu wa huko, Tabaro, alimpinga. Apolo alipigwa, na baadaye akashtakiwa kwa sababu ya kifo cha dada ya chifu, aliyeangukia mkuki kwa ajali, akatiwa gerezani. Katika mateso yale alisimulia kwamba Kristo alimtokea, anang'aa kama jua, akamtia moyo kwamba yu pamoja naye. Tulipokuwa vijana tulitamani sana kuona maono kama yale. Hatukuona wakati ule kwamba hayakumpa Apolo njia mpya. Alipofunguliwa alirudi Mboga ileile, kwa watu walewale waliompiga, na Tabaro mwenyewe mwishoni akabatizwa. Apolo alifia huko mwaka 1933, akiwa ameagiza azikwe kichwa chake kikielekea magharibi, kwenye msitu wa watu ambao Injili ilikuwa haijawafikia.

Mtu wa namna hiyo aweza kuambiwa siri za mbali, kwa kuwa hakuliacha neno la karibu. Nasi hatuwezi kuwachagulia ninyi neno lenu. Huenda ni mizani iliyopunjwa, au mshahara wa mchumaji ambao umecheleweshwa, au mama mkwe asiyesalimiwa. Mwalijua. Kama sisi, hamtahitaji kufikiri.

Shemeji amevuna mahindi mazuri katika mistari ile minne. Lakini mkulima yeyote anayetusikiliza ajua kwamba mkaratusi haufi kwa kukatwa mara moja. Juzi tulishuka mtoni, tukaona kisiki cha mwisho kimechipuka. Machipukizi ni matatu, yamefika magotini, yamenyooka vizuri. Tulisimama pale kitambo, na tukajikuta tunajiambia kwamba machipukizi matatu tu hayawezi kumdhuru mtu.

Jumamosi, Mungu akipenda, tutashuka na panga.

Bwana awe nanyi.