Msiba Usio na Kaburi

Mazungumzo yetu ni juu ya faraja ya Mungu wakati wa kufiwa, na hasa juu ya msiba ambao sisi tukaao Mukendo, na Musoma yote, twaujua kuliko watu wakaao mbali na ziwa. Nao ni msiba usio na kaburi.

Mtu afapo nyumbani, kilio huwa na utaratibu wake. Mwili huoshwa, vijana wa jirani huchimba kaburi, mchungaji au padre huomba, watu hulala nje kuuzunguka moto, hata siku ya kuondoa matanga ikafika. Katika mwaka wa 1999 tuliliona jambo hilo kwa ukubwa wake. Mwalimu Julius Nyerere alifariki London tarehe 14 Oktoba, mwili wake ukarudishwa, na tarehe 23 ukazikwa kijijini kwake Butiama. Taifa zima lililia, walakini lilipata mahali pa kulilia.

Wengi waliopotelewa na watu wao ziwani hawakupata hata hilo. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza. Mamia ya watu walikufa; baadhi yao walizikwa Igoma, lakini wengi hawakutoka kamwe ndani ya meli ile, nayo ikazama pamoja nao. Tena tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kilipokuwa karibu kabisa kufika gati ya Bwisya, kisiwani Ukara, kimejaa watu waliotoka gulioni. Watu zaidi ya 220 walikufa. Siku mbili baadaye fundi mmoja wa mitambo alionekana yu hai ndani ya chombo kile kilichopinduka. Tulimshukuru Mungu, lakini hebu fikirini moyo wa mama aliyekuwa amesimama pwani siku hiyo hiyo, akasikia kwamba mmoja ametolewa mzima, kisha akaambiwa kwamba si mwanawe.

Wala si vyombo vikubwa peke yake. Mvuvi hutoka usiku wa giza na taa yake kuvua dagaa, dhoruba ikaja ghafula, na asubuhi mtumbwi huonekana mtupu. Mkewe hana cha kuzika. Huendelea kumwekea chakula. Mlango ukilia usiku, huinuka. Majirani humvumilia juma moja au mawili, kisha huanza kumwambia kwamba machozi mengi ni upungufu wa imani. Sisi twaona maneno hayo ni makosa, tena ni makosa mazito, ingawa husemwa na watu wema.

Katika Maandiko, Yakobo naye hakupewa mwili. Aliletewa kanzu tu, yenye damu, na wanawe wote walipoinuka kumtuliza alikataa kutulizwa. Hatusomi kwamba Mungu alimkemea. Naomi naye alizika mume na wana wawili katika nchi ya Moabu, kisha akarudi Bethlehemu mikono mitupu, akawaambia wanawake wa mji wasimwite tena Naomi, bali Mara. Sisi jina hilo twalitaja kila siku kwa ajili ya mto wetu na mkoa wetu, lakini katika Kiebrania maana yake ni uchungu. Mwanamke huyo alisema waziwazi kwamba Mwenyezi ndiye aliyemtenda hayo. Maneno makali sana! Na bado kitabu hakimlaumu. Mungu hakumjibu kwa hotuba. Alimpa mkwewe Ruthu, aliyekuwa amekataa kumwacha njiani, akampa na shayiri ya kula, na mwishowe mtoto wa kupakata.

Kadhalika Bwana Yesu alilia penye kaburi la Lazaro, hali akijua kwamba kitambo kidogo tu atamwita atoke. Ikiwa yeye mwenye uwezo wa kufufua alitokwa na machozi, mjane wa mvuvi atakatazwaje?

Na juu ya kaburi lisilojulikana, kumbukeni Musa. Wana wa Israeli walimlilia siku thelathini katika nchi tambarare za Moabu, wala hapana mtu ajuaye kaburi lake hata leo. Mungu mwenyewe alijua alipomweka. Hili ndilo tegemeo letu: kwamba kilichofichwa kwetu chini ya maji hakikufichwa kwake, na kwamba siku ya ufufuo bahari nayo itawatoa wafu wake. Tegemeo hilo haliondoi uchungu. Humpa mwenye uchungu mahali pa kuupeleka.

Kuna sumu nyingine, nayo ni ule mnong'ono wa uchawi. Mtumbwi ukipinduka kwa sababu ya upepo, au kivuko kwa kujazwa kupita kiasi, hutafutwa bibi kizee fulani wa kulaumiwa, au mjane mwenyewe huambiwa kwamba ndiye aliyemla mumewe. Kisha nyavu na nyumba huchukuliwa na ndugu. Hapo msiba mmoja huzaa wa pili, na huu wa pili haukuletwa na ziwa.

Basi jirani yako akipotelewa na mtu majini, nenda ukaketi naye. Rafiki za Ayubu waliketi naye chini siku saba, wasiseme neno. Walianza kumwumiza walipofumbua vinywa. Chukua unga na kuni. Usingoje mwili upatikane ndipo uombe: kanisa laweza kukusanyika pwani, likamtaja marehemu kwa jina lake kamili, na jina hilo likaandikwa kitabuni pamoja na ya waliozikwa. Na baada ya miezi mitatu, watu wakiisha kusahau, rudi tena ukaulize watoto wamekula nini.

Wenye Biblia nyumbani na wakisome kitabu cha Ruthu usiku huu kwa sauti, mtoto ajuaye kusoma akiwasomea wazee. Sura zake ni nne tu, nacho chaweza kumalizika kabla ya kulala.