Sheria Isingoje Watu Waugue

Msikilizaji, kifungu cha 42 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi na salama. Kifungu cha 70 kinaongeza kwamba anayekwenda mahakamani kuitetea haki hiyo halazimiki kuthibitisha kuwa kuna mtu yeyote aliyeumia au kupata hasara. Sheria ya namna hiyo ni ya kutamanika. Hata hivyo, kesi mbili za pwani ya Kenya zinaonyesha kwamba sheria nzuri humlinda mwananchi pale tu inapotumika mapema, kabla mradi haujaanza.

Kesi ya kwanza ni ya Owino Uhuru, mtaa wa wanyonge mjini Mombasa. Kati ya mwaka 2007 na 2014, kiwanda kilichopakana na nyumba za watu kiliyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata madini ya risasi. Moshi ulitua juu ya mabati, majitaka yakapita vichochoroni, na risasi ikaingia katika damu ya watoto, ambao ubongo wao ungali unakua na ndio huumizwa zaidi na sumu hiyo. Mwanaharakati Phyllis Omido pamoja na wakazi walifungua kesi mwaka 2016. Julai 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikaitengua fidia hiyo mwaka 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Walishinda, lakini miaka kumi baada ya kiwanda kufungwa, na hakuna fedha inayoweza kumrudishia mtoto afya aliyopoteza angali mchanga.

Kesi ya pili ni ya Lamu, ambako mwaka 2016 kulitolewa leseni ya kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe huko Kwasasi. Wananchi walikata rufaa mbele ya Jopo la Kitaifa la Mazingira, na Juni 2019 jopo likaifuta leseni hiyo. Sababu moja kuu ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo: mikutano iliitishwa kabla ya uchunguzi wa athari kukamilika, na matokeo yalipopatikana hawakupewa nafasi ya kweli ya kuyajadili. Hapo hapakungojwa mtu augue.

Wapo wanaosema kwamba utaratibu huu wa kuwashirikisha wananchi huwafukuza wawekezaji na kuwanyima vijana kazi. Hoja hiyo ina uzito, kwa sababu njaa nayo inaua. Lakini tupige hesabu yote. Kiwanda cha Mombasa kilidumu miaka saba tu, na hukumu ya 2020 iliibebesha NEMA, mamlaka ya serikali inayosimamia mazingira, asilimia 40 ya lawama. Mamlaka ya umma inapolipa fidia, anayelipa ni mlipa kodi. Mwekezaji makini anataka kujua masharti mapema kuliko kuburutwa mahakamani baadaye.

Wengine husema wanakijiji hawana utaalamu wa kupima mradi mkubwa. Ni kweli kwamba mvuvi hawezi kupima kemikali katika maabara, lakini anajua samaki huzaliana wapi na mkondo wa maji huelekea wapi, na mtaalamu asiyemuuliza huandika ripoti yenye mapengo. Kanuni za Kenya za mwaka 2003 kuhusu uchunguzi wa athari kwa mazingira zinalitambua jambo hilo: zinataka mikutano isiyopungua mitatu, na tangazo redioni kwa lugha rasmi na lugha ya wenyeji. Kinachokosekana ni utekelezaji. Ripoti iwafikie wananchi kabla ya mkutano, kwa Kiswahili wanachokielewa. Matokeo ya ukaguzi wa viwanda yabandikwe hadharani. Na afisa anayetoa leseni kinyume cha kanuni awajibishwe yeye binafsi.

Kwa hiyo, msikilizaji, ukisikia tangazo la mradi mpya katika eneo lako, usilipuuze. Iombe ripoti, hudhuria mkutano, uliza maswali, na hakikisha maneno yako yameandikwa katika kumbukumbu. Haki hiyo ni yako kisheria, na wakati wake ni kabla jiwe la msingi halijawekwa.