MAELEZO YA AFISA HABARI KUHUSU TANGAZO LA USAJILI WA WATU WENYE ULEMAVU



Nimeomba nafasi hii nieleze kosa langu. Mtakumbuka tangazo la usajili lililobandikwa katika mbao za shehia, lililowataka "vipofu, viwete, mabubu na mazeruzeru" wafike kwa masheha wao. Aliyeandika maneno hayo ni mimi. Hakuna karani wala mpiga chapa wa kulaumiwa.

Siku chache baadaye mama mmoja alifika ofisini, tangazo lile mkononi. Mwanawe ana ualbino. Hakupaza sauti, alieleza tu kuwa watoto wa mtaani sasa humwita mwanawe kwa jina lile, na wakikanywa hujibu kwamba ndilo lililoandikwa na Serikali.

Nakiri kuwa nilianza kwa kujitetea. Nilimwambia kwamba hili ni neno la asili, tumelikuta kwa wazee wetu, na katika kamusi limo. Akanijibu: "Na matusi yamo humo humo, bwana." Sikuwa na la kusema.

Nami nilikuwa najua. Katika miaka iliyofuatia 2006, watu wenye ualbino waliuawa na kukatwa viungo Tanzania Bara, hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, kwa imani za kishirikina. Walikuwapo walioamini kwamba zeruzeru hafi, hutoweka tu. Asiyehesabiwa kuwa mtu huwa mwepesi kuwindwa, na neno nililoliandika ndilo lililokuwa likitumika kumtoa katika hesabu ya watu. Zanzibar ilitunga sheria ya haki na fursa za watu wenye ulemavu mwaka 2006, na Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa mwaka 2009. Afisa habari hana udhuru wa kusema hakusikia.

Niliandika rasimu ya kuomba radhi: "Ofisi inasikitika iwapo kuna mtu yeyote aliyeudhika." Mkubwa wangu wa kazi alilipigia mstari neno "iwapo", akaniuliza, "Mwenye kuudhika si alikaa mbele yako?" Rasimu nikaichana.

Sisi tuliopita chuoni tulisomeshwa kisa cha Abu Dharr, sahaba mkubwa, aliyemtusi mtu kwa mama yake, na Mtume (S.A.W.) akamwambia kuwa bado ndani yake umo ujahilia. Utotoni nilidhani kisa hiki kinahusu ugomvi wa sokoni. Jambo ambalo sikulizingatia ni kwamba aliyetusimulia ni Abu Dharr mwenyewe. Angeweza kunyamaza.

Baadhi ya wenzangu wameniuliza, je, kila neno la zamani sasa ni haramu? Sivyo. Viziwi wenyewe wamelichukua jina hilo, na Chama cha Viziwi Tanzania kinaitwa hivyo. Wanalolikataa ni kuitwa mabubu. Wengi wasioona hawapendi kuitwa vipofu, ingawa wapo wasiojali. Sikuyapata haya katika kamusi. Niliwauliza wenyewe, kazi iliyonichukua asubuhi moja, na ambayo ningeweza kuifanya kabla ya kuandika.

Tangazo jipya linasema watu wasioona, viziwi, wenye ulemavu wa viungo na wenye ualbino. Chini yake pameandikwa: "Tangazo la awali lilitumia maneno ya kudhalilisha. Ofisi inawaomba radhi waliotajwa kwa maneno hayo pamoja na familia zao." Yule mama amelisoma kabla ya kuchapwa, akanisahihisha mahali pamoja.

Masheha, nakuombeni mliondoe lile la zamani katika kila ubao, hata pale lilipofunikwa na matangazo mengine. Usajili unaendelea kama kawaida, na aliyesita kuja kwa sababu ya maneno yale bado anasubiriwa.