Itifaki ya Kushirikiana Mafaili kwa Nyumba Yenye Rauta Moja
Mada ya semina, Kanazi



Picha za harusi zilizomo kwenye simu ya mama zinahitajika kwenye kompyuta ya mwanawe aliye chumba cha pili. Zinatumwaje? Kwa WhatsApp. Zinapanda mnara, zinakwenda kwenye seva za ng'ambo, zinarudi. Bando linaliwa mara mbili, wakati wa kupakia na wa kupakua, na picha zinafika zimebanwa, hazifai tena kuchapwa. Asiyetaka kutumia bando huchukua flashi, ile ile iliyopita steshenari mjini na kurudi na virusi. Muda wote huo rauta iko sebuleni, inayoweza kupitisha picha hizo bila kugusa bando.

Kinachotakiwa ni kuchagua itifaki, yaani kanuni ambazo vifaa vinafuata vinapopeana mafaili. Msimamo wangu ni huu: SMB iwe ya kila siku, SFTP iwe ya mafaili makubwa.

SMB ilibuniwa na Barry Feigenbaum wa IBM mwaka 1983, kisha Microsoft ikaikuza. Mwaka 1992 Andrew Tridgell, huko Australia, alianza kuandika programu iliyokuja kuitwa Samba, na kwa hiyo Linux nayo ikaingia. Apple iliifanya chaguo la kwanza kwenye Mac mwaka 2013, na iPhone zinaifungua tangu iOS 13. Kwa Android, programu nyingi za kusimamia mafaili zinaijua. Nyumba zetu zina vifaa vya kila aina, vingine vya mitumba, na hakuna itifaki nyingine inayovikutanisha vyote kwa urahisi huu.

Lakini toleo la kwanza la SMB lizimwe. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipita katika udhaifu wa toleo hilo, kikafunga kompyuta duniani kote, zikiwemo za hospitali za Uingereza. Tumieni toleo la 2 au la 3, na kila mtu awe na jina na nywila yake. Hesabu za kahawa za mzee ziwe kwenye folda ambayo wengine wanaisoma tu, wasiweze kuifuta.

NFS, ya kampuni ya Sun, 1984, ni nyepesi na nzuri pale ambapo mashine zote ni Linux. Nyumba za namna hiyo ni chache. Tena kwa mpangilio wake wa kawaida inaamini namba ya mtumiaji inayotajwa na mashine yenyewe, bila kuuliza nywila.

FTP naomba tuiache kabisa. Ni ya mwaka 1971, na nywila inasafiri wazi. Aliyeko kwenye mtandao uleule anaweza kuisoma. Wizi wa nywila wa namna hiyo katika chuo chake cha Helsinki ndio uliomfanya Tatu Ylönen kuandika SSH mwaka 1995. SFTP inapita ndani ya SSH, kila kitu kikiwa kimefichwa.

Kinachonifanya niitetee SFTP hapa kwetu ni umeme. Video ya GB 4 kwa waya wa megabiti 100 kwa sekunde huchukua kama dakika 6. Kwa Wi-Fi inayopenya kuta mbili, muda zaidi. Umeme ukikatika katikati, kunakili kwa kawaida kupitia SMB kunaanza upya. Programu za SFTP kama FileZilla zinaendelea pale zilipoishia.

Mkifika nyumbani, angalieni kwanza kama vifaa vyenu vimeunganishwa kwenye Wi-Fi ya wageni. Rauta nyingi huzuia vifaa vya mtandao huo visionane, na mtu anaweza kushinda akibadilisha mipangilio ya SMB ilhali tatizo liko kwenye rauta. Hamisheni vyote kwenye mtandao mkuu, kisha ndipo mfungue folda ya kwanza.