Asiyekuwepo Mezani



Utotoni tulikuwa tukicheza karata watu watatu juu ya mkeka, kaka zangu wawili na mimi kitinda mimba. Nilifungwa kila siku, nikaamini kwamba mchezo umenishinda. Siku moja nikamwona kaka mkubwa akigusa sikio kabla hajatupa turufu, na yule wa pili akajua cha kufanya. Kumbe hawakuwa wakishindana wao kwa wao. Walikuwa wakinicheza mimi, kisha wanagawana njugu zangu nyuma ya nyumba.

Wazee waliokaa kwenye bao la igisoro hawakuwa na shida hiyo. Mchezo wa watu wawili hauna nafasi ya njama, kwa sababu wakielewana hao wawili hakuna wa kumla. Njama inamtaka mtu wa tatu. Kiswahili kinalijua hilo vizuri. Tukiwaona watu wananong'ona tunasema, "Hao wana lao." Lao, si letu. Neno dogo, lakini limeshajenga ukuta, na wewe umebaki nje.

Nimelifikiria jambo hili wiki hii nikiwa Rusizi II. Kwetu hapa jina hilo ni la mpaka, pale malori yanapovuka kwenda na kutoka Bukavu, na ni jina la bwawa la umeme kwenye mto Rusizi. Bwawa lilianza kazi mwaka 1989. Ni mali ya nchi tatu, Rwanda, Burundi na Zaire ya wakati ule, chini ya kampuni yao ya pamoja inayoitwa SINELAC. Viongozi wa nchi hizo walikaa, wakapatana, wakagawana umeme. Mbona hakuna anayesema walikula njama?

Kwa sababu mkataba uliandikwa na ukajulikana. Na kwa sababu wenye mto walikuwepo, hata Burundi, ambayo Rusizi unaifikia huko chini ukielekea Tanganyika. Tangu hapo nchi hizi zimekosana vibaya sana, damu imemwagika kuliko ninavyoweza kusimulia kwa dakika chache hizi, na bado mitambo ile imebaki ya zote tatu.

Sasa linganisha na meza nyingine iliyowekwa kwa ajili ya mto huuhuu. Mwezi Mei 1910 wajumbe wa Ujerumani, Ubelgiji na Uingereza walikutana Brussels kumaliza ugomvi wao wa Kivu. Wajerumani na Wabelgiji walikuwa wamekabiliana silaha mkononi katika milima hii. Mezani wakaelewana. Rusizi ukawa mpaka, kisiwa cha Ijwi kikaenda kwa Wabelgiji. Mwami Yuhi Musinga wa Rwanda hakuwa na kiti pale. Hawakuwepo Wahavu wa Ijwi, hawakuwepo Washi, hakuwepo hata mvuvi mmoja wa ziwa Kivu. Mama anayevuka leo na beseni la nyanya kichwani, akasimama kwenye foleni kuonyesha karatasi zake, anasimama mbele ya mstari waliopatana wageni watatu. Mahasimu wakishapatana juu ya mali ya asiyekuwepo, uhasama wao haukusaidii kitu. Kaka zangu nao walikuwa wakipigana kila asubuhi.

Lakini kuna njama ngumu zaidi, ile isiyo na mnong'ono hata mmoja. Wapenda soka wa umri wangu wanaukumbuka mji wa Gijón, Hispania, kwenye Kombe la Dunia la Juni 1982. Algeria walikuwa wameifunga Ujerumani Magharibi mabao 2 kwa 1, wakaifunga na Chile 3 kwa 2, wakamaliza michezo yao. Kesho yake Ujerumani Magharibi wakaingia uwanjani na Austria, kila mmoja akiwa na hesabu kichwani: Wajerumani wakishinda kwa bao moja au mawili, timu zote mbili zinasonga mbele na Algeria inarudi nyumbani. Bao la Hrubesch likaingia dakika ya 10. Zilizobaki, karibu dakika 80, ilikuwa ni kupasiana tu, nyuma na pembeni, huku mashabiki wa Algeria jukwaani wakipunga noti za fedha kwa uchungu.

Algeria walilalamika. FIFA haikumwadhibu mtu. Na kweli, ungemshtaki nani, kwa ushahidi gani? Huenda hakuna aliyesema neno. Kilichobadilishwa ni ratiba: tangu Kombe la Dunia la 1986, mechi za mwisho za kundi zinachezwa kwa wakati mmoja. Ninaipenda dawa ile. Haikupoteza muda kupekua mioyo ya wachezaji.

Upande wa biashara kuna waliokamatwa. Agosti 2023 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya ilivitoza viwanda 9 vya chuma faini ya zaidi ya shilingi milioni 338 kwa kupanga bei pamoja. Anayejenga chumba kimoja cha kupangisha alizunguka duka hadi duka akidhani anatafuta unafuu, kumbe bei ilikuwa imeshaamuliwa mahali asipoalikwa.

Sokoni kwetu mambo yana sura ya Gijón. Mtumbwi wa sambaza, samaki wadogo wa ziwa letu, unatia nanga alfajiri, wanunuzi wanne wamesimama ufukweni, wa kwanza anataja bei, na watatu wanatazama ziwa. Hakuna kikao kilichofanyika. Lakini samaki hawasubiri, jua likipanda wanaharibika, na kila mmoja pale anajua hivyo. Mvuvi huyo atalindwa zaidi na barafu, na gati la pili la kupeleka mzigo, kuliko atakavyolindwa na mahakama. Wakulima wetu wa kahawa hapa Rwanda wanaelewa ninachosema. Tangu 2016 walitakiwa kuuza kahawa yao mbivu ndani ya kanda yao tu. Nia iliyotajwa ilikuwa njema, ubora na kujua kahawa imetoka wapi, na sisemi kulikuwa na njama. Ila mkulima asiyeweza kubeba kikapu chake akaondoka amenyang'anywa sauti, hata kama aliye mbele yake ni mtu mwaminifu. Mwaka 2023 kanda ziliondolewa.

Sasa nchi zilezile tatu zinasogeza mradi wa Rusizi III, megawati 206 zinazotajwa, na eneo letu linauhitaji umeme huo kweli. Serikali zina viti, wawekezaji wana viti. Wenye mashamba kandokando ya mto, huku kwetu na ng'ambo, ambao ardhi yao itapimwa na kulipwa, wanapaswa kusikia hesabu ya fidia kabla haijatiwa sahihi, kwa Kinyarwanda, kwa Kimashi, kwa Kiswahili. Kama kumbukumbu za vikao hivyo zikiletwa hapa studio, nitazisoma hewani neno kwa neno, saa hii ya jioni, watu wakiwa wametoka shamba.