Pedali Haiulizi Ada

Mheshimiwa Diwani, Mkuu wa Chuo, walimu, wazazi na walezi, na ninyi wahitimu wetu,

Siku yangu ya kwanza ya kujifunza ushonaji nilipokelewa vizuri sana, kisha nikaketishwa mbele ya cherehani ya miguu. Miguu yangu mnaiona: haiwezi kukanyaga pedali. Ada nililipiwa, nafasi nikapewa, lakini kwa wiki nzima kazi yangu ikawa kupasi na kuwatungia wenzangu uzi. Fundi mmoja alipoing'oa ile pedali na kufunga mkono wa kuzungusha, ndipo nami nikawa mwanafunzi.

Tangu hapo najua kwamba kumlipia mtu ada ni jambo moja, na kumfundisha ni jingine. Mkalimani wa lugha ya alama, futikamba yenye alama za kupapasa, choo ambacho kiti mwendo kinaingia: vyote hivyo ni sehemu ya ada. Mheshimiwa Diwani, mkikaa kwenye bajeti, naomba vihesabiwe humo. Visiachwe vimsubiri mfadhili.

Hatuanzi leo. Hapo Buigiri, Chamwino, wasioona wanasomeshwa tangu 1950. Serikali ina vyuo vya ufundi vya watu wenye ulemavu: Yombo kule Dar es Salaam, Sabasaba kwa jirani zetu wa Singida, Mtapika kule Masasi. Sheria ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe angalau asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Sheria tunayo, tunayoidai ni mashine inayomfaa mtu.

Wazazi, msiione fedha ya mafunzo na mikopo kama sadaka. Waajiri hulipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi. Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na 2 kati ya hizo ni za watu wenye ulemavu. Mapato hayo ni pamoja na ushuru wa masoko. Kwa hiyo mama anayeuza nyanya katika soko la Majengo naye amewekeza kwa watoto wenu.

Wahitimu, mama huyo hadai asante. Anadai sare ya mwanawe isiyofumuka mshono kabla ya likizo. Mkikopa, rudisheni, maana kuna mwenzenu nyuma yenu kwenye foleni. Mteja akiwaonea huruma, mpokeeni kwa heshima, kisha mtajieni bei kamili.

Ile pedali niliiomba, nikapewa. Iko kwenye karakana yangu hapa Nkuhungu. Naiegemeza mlangoni ili upepo wa Dodoma usiufunge. Mlango uko wazi. Anayetafuta pa kuanzia, aje kesho asubuhi na mkasi wake.